Maji Meupe Yenye Sumu: Tujue Madini ya Risasi Katika Paipu, Mifereji na Paa Zetu

SOMO LA VIKUNDI VYA KUJISAIDIA

Lengo: Kila mwanakikundi aweze kukagua njia ya maji ya nyumbani kwake, kuanzia paa mpaka kikombe, na kikundi kiamue la kufanya.
Muda: Saa mbili.
Vifaa: Sumaku (hata ile ya spika ya redio mbovu), sarafu, misumari ya mabati ya zamani na ya sasa, mfereji mkuukuu, kipande cha paipu.



Masomo mengi tuliyofanya pamoja juu ya maji yalihusu vijidudu. Tulijifunza kuchemsha maji, kutia dawa, kufunika mtungi na kuchimba choo mbali na kisima. Masomo hayo tusiyaache. Kipindupindu na homa ya matumbo vinaua haraka, na kwetu Ukambani shida ya kwanza bado ni kupata maji yenyewe.

Lakini maji yanaweza kuwa meupe, yasiwe na harufu wala ladha mbaya, yakawa yamechemshwa vizuri, na bado yakamdhuru mtoto. Leo tunazungumza juu ya madini ya risasi. Tunalileta somo hili sasa kwa sababu vikundi vingi vya mwethya vinajenga matangi, vinanunua gata, paipu na mifereji. Uamuzi mnaofanya dukani kwa siku moja, watoto watakunywa matokeo yake kwa miaka ishirini.

IGIZO LA KUANZISHA MAZUNGUMZO

Watu watatu wasimame mbele na kuigiza. Wengine wasikilize kwa makini.

FUNDI: Mwaitu, hizi paipu nimezipata kwa bei ya chini sana. Zimetoka kwa nyumba ya zamani iliyobomolewa mjini. Ni nzito, na hazishiki kutu hata kidogo.
MAMA MWEKA-HAZINA: Asante, fundi. Lakini mbona ni laini hivi? Nikikunja, inakubali.
FUNDI: Ndio uzuri wake, mama. Huhitaji kununua elbo. Unakunja tu mpaka unafika kwa tangi.
MWENYEKITI: Hebu tuzichukue, jameni. Mpya za dukani zitatumaliza pesa zote, na mvua ya Oktoba iko karibu.
MAMA MWEKA-HAZINA: Mwenyekiti, tusiharakishe. Fundi, hizi zilibeba maji ya nini?
FUNDI: Mama, maji ni maji. Kwani hamtachemsha?

Igizo likome hapo. Mwongozaji aulize: Mmeona nini? Mwenyekiti anaogopa nini? Mama anaogopa nini? Je, jibu la fundi juu ya kuchemsha ni la kweli? Acheni watu wazungumze kwa dakika kumi kabla ya kuendelea kusoma.

RISASI NI NINI?

Risasi ni madini ya kijivu, mazito na laini. Ndiyo yanayotumika pia kutengenezea risasi za bunduki, na ndiyo maana jina ni moja. Kwa kuwa ni laini, hukunjika kwa urahisi, huyeyuka kwa moto mdogo, na hayashiki kutu kama chuma. Kwa sababu hiyo Warumi wa kale walitengeneza mabomba ya maji kwa risasi, na miji mingi ya Ulaya na Marekani ikafanya vivyo hivyo kwa muda mrefu. Marekani ilikataza paipu mpya za risasi katika mabomba ya maji ya kunywa mwaka 1986, lakini zile za zamani zilibaki ardhini kwa wingi.

Yaliyotokea katika mji wa Flint, Marekani, yanatufundisha. Aprili 2014, ili kupunguza gharama, mji huo uliacha maji ya zamani na kuanza kutumia maji ya mto wao. Maji ya mto yalikuwa makali kwa paipu, na hayakutiwa dawa ya kuzuia yasile paipu. Risasi ikaanza kutoka kwenye paipu na kuingia katika vikombe vya watu. Wenyeji walilalamika, wakaambiwa maji ni salama. Mwaka 2015 daktari wa watoto, Mona Hanna-Attisha, alionyesha kwamba risasi katika damu ya watoto imeongezeka. Oktoba mwaka huo mji ukarudi kwa maji ya zamani. Angalieni vizuri: paipu zilikuwa pale pale miaka yote. Kilichobadilika ni maji. Hili tutalihitaji tukifika kwenye maji ya mvua.

INADHURU NAMNA GANI?

Mwili wa binadamu hauna kazi yoyote na risasi. Ikiingia, hujificha ndani ya mifupa na kukaa huko miaka mingi.

Kwa watoto wadogo: Tumbo la mtoto hufyonza risasi mara 4 hadi 5 zaidi ya tumbo la mtu mzima. Risasi huharibu ubongo unaokua. Mtoto huchelewa kujifunza, hashiki masomo, hukasirika ovyo, hupungukiwa damu. Akili iliyopotea kwa njia hii hairudi.

Kwa mama mjamzito: Risasi iliyokuwa imelala mifupani hutoka wakati wa mimba na kumfikia mtoto tumboni. Inaweza kuharibu mimba au kusababisha mtoto azaliwe kabla ya wakati na akiwa mdogo.

Kwa watu wazima: Hupandisha shinikizo la damu na kuharibu figo.

Mara nyingi hakuna dalili ya kuonekana kwa macho. Ni kipimo cha damu tu kinachoonyesha. Basi tusikimbilie kusema kila mtoto mzito wa masomo amekunywa risasi; njaa, minyoo na masikio mabovu pia huleta hayo. Lakini pia tusimwite mtoto mvivu au mjinga kabla ya kuuliza anakunywa nini na anacheza wapi.

Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiasi cha risasi kinachojulikana kuwa salama. Kwa maji ya kunywa limeweka kipimo cha mwisho cha mikrogramu 10 katika lita moja. Hiyo ni kidogo namna gani? Chukueni matangi 100 ya lita 10,000 kila moja. Uzito wa vijiko viwili vya chai vya sukari, ukigawanywa katika matangi yote hayo, ndio kipimo hicho. Kwa hiyo jicho na ulimi haviwezi kutusaidia.

Sasa turudi kwa fundi wa igizo. Kuchemsha kunaua vijidudu, lakini risasi haichemki ikaondoka. Maji yanapungua kwa mvuke, risasi inabaki pale pale, na maji yaliyobaki yanakuwa na risasi nyingi zaidi kidogo. Dawa ya klorini pia haiiondoi. Kuchuja kwa kitambaa hakuiondoi ile iliyoyeyuka. Njia ya kweli ni moja: kuizuia isiingie.

INAINGIA WAPI NYUMBANI KWETU?

Paipu za risasi zenyewe ni nadra vijijini kwetu. Nyingi ni za chuma au za plastiki. Lakini risasi ina milango mingine. Tupite njia ya maji hatua kwa hatua.

1. Paa. Misumari mingine ya zamani ya kupigia mabati ina kofia ya risasi ya kuziba tundu. Nyumba nyingine zina bamba la risasi mahali paa linapokutana na ukuta. Rangi nyingi za zamani nazo zilitiwa risasi, na zikibambuka huanguka kwenye gata. Misumari ya sasa yenye mpira haina shida hii.

2. Gata. Mafundi wengine huunganisha gata za bati kwa kulehemu kwa risasi. Utaona mstari wa kijivu unaong'aa kwenye kiungo. Gata iliyokunjwa na kufungwa kwa ribiti, au ya plastiki, ni afadhali.

3. Paipu. Baadhi ya paipu ngumu za plastiki zilichanganywa na risasi kiwandani ili zisiharibiwe na joto. Hatari inazidi kikundi kikinunua paipu za kupitishia nyaya za umeme au maji machafu kwa sababu ni rahisi, kisha kupitishia maji ya kunywa.

4. Mfereji na pampu. Mifereji ya shaba ya njano mara nyingi huwa na risasi kidogo ndani, ili chuma kiwe rahisi kuchongwa. Utafiti uliochapishwa mwaka 2021 kutoka Ghana, Mali na Niger uliangalia pampu za mkono, mifereji na matangi ya vijijini. Takriban sehemu 9 kati ya kila 100 zilikuwa na maji yaliyopita kipimo cha Shirika la Afya Duniani, na vipande vya shaba vilikuwa chanzo kimoja kikubwa.

5. Chombo. Ndoo ya rangi na mtungi wa maji ya betri si vyombo vya maji ya kunywa, hata ukivisugua namna gani.

KWA NINI MAJI YA MVUA YANAHITAJI UANGALIFU ZAIDI?

Maji ya visima vyetu vingi ni magumu, yana chumvichumvi. Mnayaona yanavyoacha ukoko mweupe ndani ya sufuria. Ukoko kama huo hujipaka ndani ya paipu na kuzuia chuma kisigusane na maji. Maji ya mvua ni laini, hayana chumvi hiyo, na yana ukali kidogo. Yanayeyusha risasi kwa urahisi zaidi. Ni lile somo la Flint: usiulize tu ni paipu gani, uliza pia ni maji gani yanapita ndani yake.

Tangi la saruji linasaidia kidogo, kwa sababu saruji hupunguza ukali wa maji na sehemu ya risasi hushuka chini pamoja na matope. Tangi la plastiki halifanyi hivyo. Kwa yote mawili, matope ya chini yasifike kwenye kikombe.

Je, tuache maji ya paa? Hapana! Paa lenye urefu wa mita 10 na upana wa mita 6 lina mita 60 za eneo. Kila milimita moja ya mvua juu yake ni lita 60. Msimu ukileta milimita 300, hayo ni lita 18,000. Hata ukipoteza sehemu moja ya tano, unabaki na lita 14,400. Hizo ni mitungi 720 ya lita 20 ambayo mama hakubeba mgongoni. Tunachotaka ni maji yale yale, lakini kwa njia safi.

ZOEZI: TUTAMBUE RISASI

Gawanyikeni katika vikundi vya watu watano. Kila kundi lichukue vifaa vilivyoletwa na kufanya hivi:

(a) Wekeni sumaku. Ikishika, hicho ni chuma.
(b) Isiposhika, kwaruzeni kwa sarafu. Risasi ni laini, hukwaruzika bila nguvu, huonyesha mng'ao wa fedha, kisha baada ya muda hurudi kuwa kijivu.
(c) Pimeni uzito mkononi. Risasi ni nzito kuliko inavyoonekana. Alumini pia haishikwi na sumaku, lakini ni nyepesi.
(d) Mkimaliza, nawieni mikono kwa sabuni. Watoto wasishike vifaa hivyo.

Zoezi hili linaonyesha risasi yenyewe, kwa mfano kofia ya msumari. Haliwezi kuonyesha risasi iliyochanganywa ndani ya mfereji wa shaba au plastiki. Hapo tunategemea ununuzi mzuri na kipimo cha maabara.

MAMBO YA KUFANYA

Yasiyohitaji pesa, anzeni leo:

– Maji yaliyolala usiku kwenye paipu ndiyo yenye risasi nyingi, kwa sababu yamekaa na chuma saa nyingi. Asubuhi msichote ya kunywa kwanza. Si lazima kumwaga ovyo. Paipu ya nusu inchi hubeba karibu lita 2 katika kila mita 10. Kama kutoka tangi hadi jikoni ni mita 20, kingeni lita 4 au 5 katika ndoo, mfulie au mnyweshee miche. Maji yanayofuata ndiyo ya kupikia na kunywa. Mfereji ulioko kwenye tangi lenyewe unahitaji kikombe kimoja au viwili tu.
– Mvua ya kwanza baada ya kiangazi isiingie kwenye tangi. Kwa paa la mita 60, geuzeni angalau lita 60 za kwanza, yaani mitungi mitatu. Zinabeba vumbi, mavi ya ndege na rangi iliyobambuka.
– Safisheni tangi mwezi wa Septemba kabla ya mvua za Oktoba. Matope ya chini msiyamwage kwenye shamba la mboga. Kama paa lina rangi ya zamani au risasi, yafukieni mbali na kisima.
– Wapeni watoto mboga za majani, maharagwe, uji wa wimbi na maziwa yakipatikana. Mtoto mwenye madini ya chuma na kalisi ya kutosha hufyonza risasi kidogo zaidi.

Yanayohitaji pesa kidogo:

– Ng'oeni misumari yenye kofia ya risasi sehemu ya paa inayokinga maji ya kunywa, mkaweke yenye mpira.
– Nunueni paipu na mifereji iliyotengenezwa kwa maji ya kunywa, yenye alama ya ubora ya KEBS. Dai risiti. Muuzaji akikataa kuandika "kwa maji ya kunywa", ondokeni.
– Mfereji wa tangi uwekwe juu ya sakafu ya tangi kadiri ya sentimita 10 hadi 15, matope yabaki chini.

Kupima maji: Vikundi kadhaa viungane kuchangia gharama, kwa mfano kwa kupitia Maabara ya Mkemia wa Serikali, Nairobi. Ongeeni kwanza na afisa wa afya ya umma awaelekeze chupa za kutumia. Chukueni chupa mbili: moja ya maji ya kwanza ya asubuhi kabla mtu yeyote hajafungua mfereji, nyingine baada ya kuyaacha yatiririke. Kama ya kwanza ina risasi na ya pili haina, shida iko karibu, kwenye mfereji au paipu ya nyumba. Kama zote mbili zinayo, tafuteni mbali zaidi, kwenye tangi au paa.

Mnaotumia maji ya kampuni, mna haki ya kuuliza matokeo ya vipimo. Katiba ya mwaka 2010, Ibara ya 43, inampa kila mtu haki ya maji safi na salama ya kutosha. Andikeni barua kwa jina la kikundi na muweke nakala.

BETRI: HAPA TUSEME WAZI

Katika Kenya, risasi haijatuumiza zaidi kwa paipu. Imetuumiza kwa betri. Katika mtaa wa Owino Uhuru, Mombasa, wenye watu wapatao 3,000, kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kilianza kazi mwaka 2007. Moshi na maji machafu vikaingia mtaani. Phyllis Omido aliyefanya kazi kiwandani humo alimwona mtoto wake mchanga akiugua, na vipimo vikaonyesha risasi. Hakunyamaza. Aliwakusanya majirani, wakapimwa, wakaandamana, wakaandika barua. Kiwanda kilifungwa mwaka 2014. Mwaka 2020 mahakama ya Mombasa iliwapa wenyeji fidia ya shilingi bilioni 1.3. Mahakama ya Rufaa ikautengua uamuzi huo mwaka 2023, na tarehe 6 Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikaurudisha. Miaka mingi, lakini watu waliosimama pamoja walisikilizwa.

Na sisi? Nyumba nyingi Machakos zina betri za sola. Zikifa, mtu huzipasua uani, huyeyusha risasi kwa moto wa kuni, au huosha vipande kwenye kisima cha mchangani mtoni. Hilo ni baya kuliko mfereji wowote wa shaba. Mchanga unaohifadhi maji yetu wakati wa kiangazi unahifadhi na sumu. Kikundi kiwe na sheria: hakuna betri inayopasuliwa kijijini, hakuna kuyeyusha, na hakuna kuosha mtoni. Betri mbovu irudi nzima kwa muuzaji anayenunua kuukuu. Kama kuna kijana anayeishi kwa kazi hiyo, msimfukuze tu. Kaeni naye, mmweleze kwamba vumbi analorudi nalo kwenye nguo linawafikia watoto wake, kisha mtafute pamoja kazi nyingine au mahali panapofaa.

MASWALI YA KUJADILI

1. Katika igizo, pesa zilizookolewa kwa paipu rahisi zingelipwa na nani baadaye?
2. Ni nyumba ngapi katika kikundi chetu zina misumari ya kofia ya risasi, gata za kulehemu, au mifereji kuukuu?
3. Nani kijijini hupasua betri? Nani ataongea naye, na lini?
4. Shule ya watoto wetu inakinga maji kutoka paa la namna gani?
5. Kama kikundi kina pesa za kurekebisha nyumba moja tu mwezi huu, tuanze na ipi? (Fikirieni kwanza nyumba yenye mama mjamzito au mtoto wa chini ya miaka sita.)

KAZI YA NYUMBANI

Kabla ya mkutano ujao, kila mwanakikundi atembee njia ya maji ya nyumbani kwake, kutoka paa mpaka kikombe, pamoja na watoto wakubwa. Aandike mambo matano: misumari, gata, paipu, mfereji, chombo. Asiyejua kuandika asaidiwe na mtoto wa shule. Karatasi zote zikabidhiwe kwa katibu. Mkutano ujao mtazisoma kwa pamoja, mtapanga nyumba za kuanza nazo, na mweka-hazina atasema kuna shilingi ngapi za misumari na mifereji. Mkutano usifungwe kabla hamjaweka tarehe ya mwethya wa kwanza.